Usijivunie kuzoea dawa ya wadudu

IWAPO umewahi kumwita mtu wa kupuliza dawa ya kunguni ama mende nyumbani kwako, huenda unamfahamu mtu wa aina hii. Hufika asubuhi na pampu mgongoni, bila glavu wala kitambaa cha kuziba pua. Ukimuuliza kama haiogopi dawa hiyo, hucheka. Atakuambia kwamba miaka ya mwanzo ilimsumbua, kichwa kikimuuma na tumbo kumchafuka, lakini siku hizi hahisi lolote. Amezoea.

Maneno hayo husemwa pia na vibarua wa mashamba ya maua, na wachungaji wanaoogesha ng'ombe dawa ya kupe. Yamkini hata wewe msomaji, ukiwa na kijishamba cha sukuma wiki nyuma ya nyumba, umewahi kuyasema.

Je, ni kweli mwili unaweza kuizoea sumu? Jibu ni ndiyo. Lakini kabla hujafurahi, ni vyema uelewe mwili hufanya nini ili kuizoea. Jambo hilo lilichunguzwa kwa makini katika ubongo wa panya wa maabara, na matokeo yake yanafaa kumtia wasiwasi kila anayejisifu kwamba dawa haimdhuru tena.

Sumu tunayoiita dawa

Kwanza tukumbushane kwamba Kiswahili kimetuzoesha kuita vitu viwili kwa jina moja. Kinachokuponya malaria ni dawa, na kinachoua mende pia ni dawa. Hicho cha pili ni sumu, na kiliundwa ili kiue.

Somo letu la leo linahusu jamii moja ya sumu hizo, inayoitwa oganofosfeti. Ndani yake mna kemikali kama klopirifosi, diazinoni, dimethoeti, malathioni na diklovosi. Huenda umeyaona majina hayo yameandikwa kwa herufi ndogo kwenye kibandiko cha mkebe ama chupa katika duka la pembejeo.

Si kila mkebe wa dukani una sumu ya jamii hii. Dawa nyingi za kupuliza za makopo zinazouzwa madukani siku hizi zina kemikali zilizoigwa kutoka kwa pareto, ambazo hufanya kazi kwa njia nyingine. Ndiyo maana kusoma kibandiko ni muhimu kuliko kutazama picha ya mende iliyo juu ya mkebe.

Historia ya jamii hii haipendezi. Mnamo 1936, mwanakemia Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa akitafuta sumu ya kuua wadudu. Alichopata kilikuwa kikali mno hata kikageuzwa kuwa silaha ya vita, gesi iitwayo tabuni. Gesi ya sarini, iliyotumiwa na kundi la kidini kuua watu katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo mnamo 1995, ni ya ukoo huo huo. Dawa za shambani ni hafifu mno zikilinganishwa na gesi hizo, lakini zote hushambulia mahali pamoja mwilini.

Jinsi neva zinavyozungumza

Ubongo wako una mabilioni ya seli za neva. Seli hizo hazigusani moja kwa moja. Baina ya seli moja na nyingine pana mwanya mdogo sana, na ujumbe huuvuka mwanya huo kwa kubebwa na kemikali.

Mojawapo ya kemikali hizo ni asetilikolini. Wanasayansi wawili, Henry Dale wa Uingereza na Otto Loewi aliyekuwa akifanya kazi Austria, walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1936 kwa uvumbuzi wao kuhusu jinsi neva zinavyopitisha ujumbe kwa kemikali kama hii. Mwaka huo ndio huo Schrader alipopata sumu yake.

Chukulia kwamba asetilikolini ni mjumbe anayebisha hodi. Katika ukuta wa seli inayopokea ujumbe mna milango maalumu, ambayo wataalamu huiita vipokezi. Mjumbe akishika kipokezi, seli huamka na kufanya kazi yake: misuli hukazika, mate hutoka, utumbo husukuma chakula. Katika ubongo, vipokezi hivyo husaidia katika kumakinika, kujifunza na kukumbuka.

Vipokezi hivyo ni vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza inaitwa ya muskarini, kwa jina la sumu inayopatikana katika uyoga fulani, na ya pili inaitwa ya nikotini, kwa jina la kemikali iliyo katika tumbaku. Tutaangalia zaidi hiyo ya muskarini.

Mjumbe akishabisha hodi, hana budi kuondolewa mara moja, la sivyo ataendelea kubisha bila kikomo. Kazi hiyo ya kumwondoa hufanywa na kimeng'enya kiitwacho kolinesterasi, ambacho huivunja asetilikolini punde tu inapomaliza kazi yake.

Sumu inapoingia

Oganofosfeti hukishika kimeng'enya hicho na kukifunga. Kinapofungwa, hakuna wa kumwondoa mjumbe. Asetilikolini hujaa kwenye mwanya na kubisha hodi mfululizo.

Ndipo mtu huanza kutokwa na mate, machozi na jasho jingi. Mboni za macho husinyaa na kuwa kama vitone. Tumbo humsokota, hutapika na kuharisha. Misuli hutetemeka, kisha hulegea. Kifua hujaa maji maji, na pumzi inapokatika mtu hufa. Mdudu naye hufa kwa njia iyo hiyo, maana neva zake hutumia mjumbe huyo huyo.

Hayo ndiyo hutokea sumu inapoingia kwa wingi na kwa ghafla. Lakini swali letu linahusu yule anayeipata kidogo kidogo kila siku.

Panya walioacha kutetemeka

Katika miaka ya 1980, mtaalamu wa sumu Lucio Costa na wenzake nchini Marekani waliwapa panya oganofosfeti iitwayo disulfotoni, kidogo kidogo kila siku kwa majuma. Siku za kwanza panya walionyesha dalili zilizotarajiwa. Walitetemeka, wakatokwa na mate na kuharisha.

Baada ya siku kadhaa, jambo la ajabu lilitokea. Dalili zilipungua, kisha zikatoweka. Panya walionekana wazima ingawa waliendelea kupewa sumu ile ile kwa kiasi kile kile. Mtu asiyejua angesema panya hao wamezoea, kama vile mpuliza dawa wetu.

Wanasayansi walipokipima kile kimeng'enya katika ubongo wa panya hao, walikuta bado kimefungwa. Sumu ilikuwa ingali inafanya kazi yake. Kama ni hivyo, mbona panya hawatetemeki?

Jibu lilipatikana katika vipokezi. Ili kuvihesabu, watafiti huchukua vipande vya ubongo, wakavisaga na kuvichanganya na kemikali yenye mnururisho kidogo ambayo hunata kwenye vipokezi vya muskarini pekee. Kisha hupima mnururisho ulionata. Ukiwa mwingi, vipokezi ni vingi. Ukiwa haba, vipokezi vimepungua.

Katika panya waliozoea sumu, vipokezi vilikuwa vimepungua.

Kwa maneno mengine, seli za ubongo zilipochoshwa na hodi zisizokoma, zilianza kuondoa milango yake moja baada ya nyingine. Wajumbe walikuwa bado wamejaa nje, lakini milango ya kubisha ilikuwa michache. Kelele ikapungua, na panya wakatulia.

Uthibitisho mwingine ulitokana na kuwadunga panya hao kemikali iitwayo kabakoli, ambayo hubisha hodi kama asetilikolini lakini haivunjwi upesi na kile kimeng'enya. Panya waliozoea sumu waliistahimili kabakoli kuliko panya wa kawaida. Hilo lilionyesha kwamba mabadiliko yalikuwa katika vipokezi vyenyewe.

Gharama ya utulivu huo

Huenda ukauliza, kuna ubaya gani? Kama ubongo umepata njia ya kujikinga, si heri?

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Vipokezi vya muskarini havikuwekwa ubongoni kwa ajili ya sumu. Vina kazi yake, na mojawapo ya kazi hizo ni kumbukumbu. Ukiviondoa ili kupunguza kelele, huwezi kuchagua ni ujumbe upi utakaokosa mlango.

Mnamo 1988, watafiti wa kundi hilo walichapisha matokeo ya kuwapima panya kumbukumbu baada ya kuwapa oganofosfeti kwa muda mrefu. Panya wa kawaida hujifunza haraka kukumbuka alikokwisha kupita na asikopita, maana ndivyo anavyotafuta chakula. Panya waliopewa sumu walishindwa zaidi katika mtihani huo wa kukumbuka mahali, na vipokezi vya muskarini katika ubongo wao vilikuwa vimepungua.

Kwa hivyo panya aliyezoea sumu hatetemeki, hatokwi na mate na anakula vizuri. Lakini haikumbuki njia. Ukimtazama tu, hutaiona kasoro hiyo.

Habari njema ni kwamba sumu iliposimamishwa, vipokezi vilianza kurudi. Lakini havikurudi kwa siku moja. Vilirudi polepole, kwa muda wa majuma.

Watoto hawazoei kama wakubwa

Mtafiti mwingine wa Marekani, Carey Pope, na wenzake walilinganisha panya wakubwa na wadogo mnamo 1991. Walitumia klopirifosi. Panya mkubwa aliweza kustahimili hadi miligramu 279 kwa kila kilo ya uzito wake bila kufa. Mtoto wa panya wa siku 7 alistahimili miligramu 45 pekee, yaani chini ya moja kwa sita ya kiasi hicho.

Sababu kubwa ni kwamba mwili mchanga bado haujawa na vimeng'enya vya kutosha vya kuivunja sumu. Na ubongo wake ungali unajengwa, asetilikolini yenyewe ikiwa mojawapo ya kemikali zinazoongoza ujenzi huo.

Mfikirie sasa mtoto wako anayetambaa. Dawa iliyopulizwa juu ya kunguni huanguka sakafuni, kwenye zulia na godoro. Mtoto hushinda hapo na kutia vidole kinywani.

Kutoka kwa panya hadi kwa watu

Ni haki msomaji akiuliza kama mambo ya panya yanatuhusu. Panya si mtu, na mara nyingi katika maabara hupewa sumu kwa kiasi kikubwa kuliko kile ambacho watu wengi hukutana nacho. Hatuwezi kuchukua hesabu ya panya na kuibandika kwa binadamu. Zaidi ya hayo, huwezi kumpasua mtu aliye hai ubongo ili uhesabu vipokezi vyake.

Hata hivyo, kile kimeng'enya kinaweza kupimwa katika damu, na kimepimwa hapa kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1997 uliwahusu wafanyakazi wa mashamba ya maua huko Naivasha, pamba Homa Bay, mboga Wundanyi na tumbaku Migori. Kolinesterasi katika damu ya waliokuwa wakikutana na dawa hizo ilikuwa imeshuka kwa wastani wa karibu thuluthi moja. Wale ambao hawakukutana nazo hawakubadilika sana. Walioathirika zaidi walikuwa wafanyakazi wa maua wa Naivasha.

Ili uelewe uzito wa jambo hilo, linganisha na sheria ya jimbo la California huko Marekani. Huko, mfanyakazi ambaye kimeng'enya cha chembe zake nyekundu za damu kimeshuka kwa asilimia 30 huondolewa kwenye kazi ya kushika dawa hizo hadi kitakaporudi. Kwa kipimo kama hicho, wengi wa wafanyakazi wale wa Kenya wangepumzishwa, hata kama walijihisi wazima.

Kuhusu watoto, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York walipima klopirifosi katika damu ya kitovu cha watoto waliozaliwa humo, kisha wakawafuatilia walivyokua. Mwaka wa 2011 waliripoti kwamba waliokuwa na kiasi kikubwa cha sumu hiyo tumboni mwa mama walipata alama za chini katika vipimo vya akili walipofika umri wa miaka 7, na hasa katika kumbukumbu ya kushika mambo kwa muda mfupi. Utafiti wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba sumu ndiyo chanzo, lakini unaelekea kule kule walikoelekea panya.

Serikali mbalimbali zimechukua hatua. Marekani ilianza kuondoa klopirifosi katika matumizi ya nyumbani mwaka wa 2000. Umoja wa Ulaya ulikataa kuipa kibali kipya mnamo 2020. Na mwaka wa 2025, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiweka katika orodha ya kemikali zinazopaswa kukomeshwa duniani, ingawa matumizi kadhaa yaliachwa yaendelee kwa muda.

Ufanye nini?

Kwanza, acha kutumia mwili wako kama kipimo. Kutohisi kitu si ushahidi kwamba uko salama. Iwapo kazi yako ni ya kushika dawa hizi, muulize mwajiri wako kuhusu kupimwa kolinesterasi katika damu. Kipimo cha kwanza kifanywe kabla ya msimu wa kupuliza kuanza, ili cha baadaye kiwe na cha kulinganishwa nacho. Kipimo kimoja pekee hakielezi mengi, maana watu hutofautiana.

Pili, jikinge. Vaa ovaroli ya mikono mirefu, glavu za mpira, gambuti na kinyago kinachofaa kazi hiyo. Sumu hii hupenya ngozi, kwa hivyo leso iliyofungwa puani haitoshi. Usipulize ukielekea upepo, wala usile ama kuvuta sigara kabla ya kunawa kwa sabuni. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, mbali na nepi na shuka.

Tatu, kama unapulizia nyumba, uliza jina la kemikali na uone kibandiko kabla ya kazi kuanza. Mpulizaji asiyeweza kukuonyesha mkebe wenyewe, mwambie arudi alikotoka. Watoto, mama mjamzito, vyakula na vyombo vitoke nje, na msirudi hadi muda ulioandikwa kwenye kibandiko upite na madirisha yafunguliwe vya kutosha. Aidha, mende wengi hushindwa kwa usafi na kuziba nyufa, na kunguni kwa maji yanayochemka, bila sumu yoyote.

Nne, usinunue kamwe dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya soda ama ya maji, wala usitumie mkebe wa dawa kuwekea chakula hata ukiusuuza mara kumi. Mnamo Julai 2013, watoto 23 wa shule moja katika jimbo la Bihar, India, walikufa baada ya kula chakula cha mchana. Uchunguzi wa maabara uligundua kwamba mafuta ya kupikia yalikuwa yamechafuliwa na monokrotofosi, ambayo ni ya jamii hii hii.

Tano, mboga za sokoni zioshe kwa maji mengi yanayotiririka. Kuosha hupunguza sumu iliyo juu ya jani ingawa hakuiondoi yote. Nawe unayelima, zihesabu siku zilizoandikwa kwenye kibandiko baina ya kupuliza na kuvuna. Usivune kesho ulichopuliza leo kwa sababu bei imepanda.

Mtu akipatwa na sumu

Mtoe penye dawa, umpeleke penye hewa safi. Jikinge mikono kwanza, kisha umvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi na nywele kwa sabuni na maji mengi. Usimtapishe, wala usipoteze muda ukimtafutia maziwa. Kama amezirai lakini anapumua, mlaze kwa ubavu. Mkimbize hospitalini na ubebe mkebe ama kibandiko, ili daktari ajue anapigana na nini.

Hospitalini mgonjwa atadungwa atropini. Sasa unaweza kuelewa dawa hiyo hufanya nini: huziba vipokezi vya muskarini, ili hodi za asetilikolini zisiingie. Haikifungui kile kimeng'enya, bali humpa mgonjwa nafasi ya kupumua. Kwa hivyo akipata nafuu, asiruhusiwe kukimbilia nyumbani wala kurudi kazini juma hilo hilo. Kimeng'enya cha chembe nyekundu huweza kuchukua hata miezi kurudi kama kilivyokuwa.

Kwa ufupi

Kumbuka mambo matatu. Oganofosfeti hufunga kimeng'enya kinachonyamazisha neva. Ubongo unaoshinda katika kelele hiyo hupunguza vipokezi vyake, na dalili hutoweka ilhali sumu ingalipo. Na katika panya, kupungua kwa vipokezi hivyo kulienda pamoja na kupoteza kumbukumbu.

Basi siku yule mpuliza dawa atakapokuja tena na kukuambia kwamba amezoea, usicheke naye. Msimulie habari za panya walioacha kutetemeka. Kisha umuulize kama siku hizi husahau mahali alipoweka funguo zake, ama jina la mtu aliyezungumza naye jana. Huenda hilo likawa swali la kwanza analoulizwa kuhusu afya yake tangu aanze kazi hiyo, na huenda likamfikisha kwa daktari kabla hajachelewa.